SEHEMU YA 3: AROBAINI IKIISHA

Mama mwenzangu, huku Bagamoyo na pwani yote mzazi analindwa siku arobaini. Anakandwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, mama yake yupo pembeni. Wazee walijua mzazi haachwi peke yake. Ila arobaini ikiisha anarudi kwa mume, na ya chumbani hayasemwi.

Sheria ilishasema zamani: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumpiga mwenza. Hesabu ndiyo ilichelewa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2001 na 2002 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 waliowahi kuwa na mwenza, 41 Dar es Salaam na 56 mkoani Mbeya walishapigwa au kulazimishwa tendo naye.

Baadaye watafiti Moshi wakafuatilia wajawazito zaidi ya 1,000. Waliofanyiwa ukatili na mwenza walikuwa na uwezekano wa takriban mara 3 wa kupata sonona baada ya kujifungua.

Na sisi wodini? Tulisema "anadeka". Mimi mwenyewe nilishamwambia mzazi mmoja "jikaze", sikumuuliza nyumbani kukoje. Inaniuma mpaka leo.

Dada, ukilia kila siku zaidi ya wiki 2, au hulali hata mtoto akilala, sema kliniki. Kama kuna kipigo, omba kuongea na nesi faragha. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiwaza kujidhuru, njoo leo leo, usisubiri kesho.