Kitenzi Kilichokuja na Waviking

Anayejifunza Kiingereza hukutana na kitenzi take mapema sana: kumeza dawa, kupanda basi, kupiga picha, kufanya mtihani, vyote humo humo. Ni vigumu kuamini kwamba kitenzi hicho ni mgeni Uingereza.

Waanglo-Saksoni, waliokuwa wakiishi Uingereza, walikuwa na kitenzi chao cha maana hiyo, niman, ndugu wa nehmen ya Wajerumani wa leo. Mwaka 793 Waviking, mabaharia wa Skandinavia, walivamia monasteri ya Lindisfarne. Mwaka 865 likatua jeshi kubwa la Wadenmaki, na wengi wao hawakurudi kwao: waligawana mashamba ya kaskazini na mashariki, wakaoa, wakalea watoto. Mwaka 1016 Mdenmaki, Cnut, akakalia kiti cha enzi cha Uingereza. Kiingereza cha wenyeji na Kinorsi cha wageni hao zilikuwa lugha za ukoo mmoja, kwa hiyo majirani walisikilizana kwa kiasi. Ndivyo taka ya Kinorsi, yenye maana ya kushika au kugusa, ilivyopenya, na kufikia karne ya 11 tayari imo katika maandishi ya Kiingereza.

Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka nchi mwaka 1066 na kumwaga maneno ya Kifaransa mahakamani na mezani, lakini take haikutikisika. Aliyeshindwa ni niman. Alipofariki mshairi Chaucer mwaka 1400, kitenzi hicho cha wenyeji kilikuwa kinazeeka. Baadaye kikabaki nim, neno la mitaani la kuiba. Shakespeare ana mhusika aitwaye Nym katika tamthilia ya Henry V, na kweli ananyongwa kwa wizi. Masalia mengine ni numb, ganzi: kiungo kilichonyang'anywa hisia.

Take nayo ilizidi kunenepa. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 iliipa maana 134. Ikiongezewa kineno kimoja tu hugeuka: take off ni kuvua nguo, pia ndege kupaa; take in ni kumkaribisha mtu, pia kumtapeli.

Wanaohofia kwamba kukopa kunadhoofisha lugha wamtazame Mwingereza, aliyekopa kwa Wanorsi hata kiwakilishi they. Nasi tulichukua fikiri, safiri na samehe kutoka Kiarabu, na leo tunasafirishana na kusameheana bila kumwomba mtu ruhusa. Neno likishakubali sarufi ya wenyeji, limekuwa mwenyeji.