Wa nyuma naye anajitayarisha: historia ya marathoni ya Walt Disney World



Kuko mbio moja mu Marekani ambako watu wengi hawaangalie sana nani iko mbele. Wanaogopa baluni. Ni marathoni ya Walt Disney World, karibu na Orlando, jimbo la Florida, kilometa 42 na mita 195 sawa marathoni zingine zote. Kisha watu wote kuanza, nyuma kabisa kunatoka kikundi kidogo cha kina mama wenye baluni. Wao wanaenda mwendo mumoja bila kubadilisha, maili moja kwa dakika 16, njo kusema karibu dakika 10 kwa kilometa. Yule ambaye baluni zinamupita na kumuacha mbali, watu wa mupango wanaweza kumutoa barabarani na kumupandisha mu bisi. Na kama umepanda bisi, hauwezi kuhesabiwa kama mutu aliyemaliza.

Nilipoweka mu grupu yetu picha ya watu wenye kukimbia na masikio ya panya ku kichwa, kaka mumoja wa promosyo yetu akaniuliza: "Sasa batu banatembea mu marathoni, banasimama na kupiga foto na Mickey, ile njo marathoni gani?" Ulizo ni la maana. Nilienda kusoma historia yake, na kwa mimi jibu haliko mu siku ya mbio. Liko mu miezi inayotangulia.

Lakini tuanzie mbali kidogo, juu wengi wanafikiri kukimbia marathoni fasi ya burudani ni uvumbuzi wa Disney. Hapana. Mwaka wa 1904, Michezo ya Olimpiki ilifanyika mu muji wa St. Louis, Marekani, ikafungwa pamoja na maonyesho makubwa ya dunia yaliyokuwa pale. Kulikuwa majengo ya kupendeza macho, vyakula, michezo, na kulikuwa watu walioletwa ili watazamwe. Kati yao kulikuwa kijana wa kwetu, Ota Benga, aliyetolewa Kongo wakati inchi ilikuwa ingali mali ya mufalme Léopold II. Mwenye kumupeleka alikuwa Samuel Verner, Mumarekani. Wazungu walilipa ili waone meno yake yaliyochongwa.

Mu mwezi wa 8 wa mwaka ule, wakubwa wa maonyesho walipanga siku mbili za michezo kwa "makabila" waliyoleta, na Watwa kutoka Kongo walikuwamo. Waliwaambia watu ambao hawajaonaka hata siku moja mustari wa kuanzia: kimbia, tupa, ruka. Hakuna aliyewafundisha. Hakuna juma hata moja la mazoezi. Kisha wakapima matokeo, wakayalinganisha na ya wanamichezo Wazungu wenye kufanya mazoezi miaka, na James Sullivan, aliyekuwa na usimamizi wa michezo, akatoa hukumu kwamba watu wale ni dhaifu kwa maumbile. Mimi nimesoma agronomia. Ukipanda aina mbili za mahindi, moja unaitia mbolea, ingine unaitupa ku changarawe, halafu unaandika mu memwari kwamba ya pili ni mbegu mubaya, mwalimu atakurudishia karatasi yako mbele ya auditware nzima. Sullivan, yeye, walimusikiliza.

Tarehe 30 ya mwezi ule ule wakakimbia marathoni. Joto kali, vumbi ya barabara ya udongo, magari yakipita pembeni. Sullivan alitaka kuona mwili unafanya nini ukikosa maji, basi waliweka fasi chache sana za kunywa. Watu 32 walianza, 14 wakamaliza. Mushindi, Thomas Hicks, alifika akiwa amenyweshwa konyagi na strikinini, ile dawa ya kuulia panya, juu wakati ule walifikiri inatia nguvu. Na wale wenye kusema Mwafrika hana moyo wa mbio ndefu wangemuangalia Len Taunyane, Mutswana wa Afrika ya Kusini, aliyemaliza wa 9, na mwenzake Jan Mashiani, wa 12. Hao wawili nao walikuwa St. Louis sababu ya maonyesho, mu muchezo uliokuwa unaonyesha vita ya Waingereza na Makaburu.

Kwa hiyo mbio mu uwanja wa burudani ilianza na wazo moja baya sana: kwamba siku moja ya mbio inaonyesha mutu ni nani. Miaka iliyofuata kazi kubwa ilikuwa kuliondoa wazo lile, na wenye kuliondoa walikuwa walimu wa mazoezi. Mu New Zealand, Arthur Lydiard alikuwa anakimbiza mabingwa wake kilometa 160 kwa juma, lakini alikuwa anatembeza-kimbiza pia wazee na wagonjwa wa moyo, polepole. Mwaka wa 1962 mwalimu Mumarekani Bill Bowerman akaenda kumutembelea, akakimbia pamoja na kikundi kile, na muzee wa zaidi ya miaka 70 akamuacha nyuma. Akarudia kwao Oregon na kuanza kufundisha watu wa kawaida. Wanamama nao walikuwa wakikatazwa kwa sababu ya "maumbile": Kathrine Switzer alikimbia Boston mu 1967 na musimamizi akajaribu kumunyanganya namba ku kifua, na Olimpiki haikuweka marathoni ya wanamama mupaka 1984.

Sasa mutu ambaye bila yeye Disney haieleweki. Jeff Galloway alikimbia meta 10 000 mu Olimpiki ya Munich, 1972. Miaka miwili kisha pale, mu 1974, alipewa darasa la watu wenye kuanza kukimbia ku université ya Florida State. Watu wale walikuwa wanachoka mbio sana. Akawaambia: tembeeni kabla ya kuchoka. Kabla, nasema, si kisha. Kimbia dakika fulani, tembea dakika moja, kimbia tena, toka mwanzo mupaka mwisho, hata kama unajisikia uko na nguvu za kuruka. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunakimbia mupaka pumzi inaisha, ndipo tunatembea, na tayari muguu umekwisha umia. Galloway aliigeuza ile kuwa mupango wa hesabu, na kampuni ya Disney ikamuchukua kuwa mushauri wa mazoezi wa mbio zake. Mipango yake inatolewa bure kwa yeyote mwenye kujiandikisha.

Mupango wenyewe unaniletea pepinyere mu kichwa. Muche uliokulia mu kivuli hautolewe siku moja na kupelekwa mu jua la shamba. Unapunguza kivuli kidogo, unapunguza maji kidogo, unauacha upumzike, unaongeza tena. Galloway naye: siku mbili kati ya juma, nusu saa tu kila siku. Siku ya posho ao ya yenga, safari ndefu, na ile ndefu haiongezeke kila juma. Unaongeza, kisha unarudia ku fupi juma moja ao mawili, ndipo unaongeza tena. Safari ndefu ya mwisho inafikia hata maili 26, majuma machache mbele ya mbio, ili siku yenyewe mwili usikutane na kitu kigeni. Na mwendo wa safari ndefu uwe polepole kupita mwendo wako wa mashindano kwa dakika 2 kila maili. Vijana njo wanashindwa hapa. Kukimbia mbio kila mutu anajua. Kukimbia polepole kwa kusudi, inaomba unyenyekevu.

Juu ya joto kuko sheria yake moja ambayo wenzetu wa Uvira na Kalemie wangeiweka ku ukuta. Kuanzia karibu digrii 15 na nusu, kila mara joto linapanda karibu digrii 3, punguza mwendo kwa sekunde 30 kwa maili, njo kusema karibu sekunde 19 kwa kilometa. Digrii 27 zinakuomba karibu dakika 2 zaidi kila maili.

Na Florida ni fasi ya joto na maji. Kati ya 1964 na 1965, kampuni ya Disney ilinunua pale karibu eka 27 000 (hekta karibu 11 000), ikitumia majina ya kampuni zisizojulikana ili bei isipande, na wenyeji wakapata kujua munuzi mu mwezi wa 10 wa 1965, wakati gazeti la Orlando lilitangaza. Kwa sisi wenye kuishi mu inchi ambako udongo unauzwa usiku, hadithi hii haitushangaze. Sehemu kubwa ilikuwa kinamasi. Jenerali Joe Potter, aliyekuwa zamani gavana wa eneo la mufereji wa Panama, alisimamia uchimbaji wa mifereji ya kukausha na kuongoza maji. Magic Kingdom ikafunguliwa tarehe 1 mwezi wa 10, 1971, na EPCOT mu 1982, ambamo kuko serre za kulimia mimea bila udongo ambazo, siwaficheni, mimi ningeenda kuangalia kabla ya panya.

Kinamasi kilichokaushwa kinatoa barabara tambarare. Mutu wa Bukavu angecheka: kilima pale ni daraja ya kupitia juu ya barabara ingine. Lakini tambarare nayo ina ubaya wake, juu misuli ni ile ile inatumika masaa yote bila kubadilishwa.

Marathoni ya kwanza ilikimbiwa tarehe 16 mwezi wa kwanza, 1994. Waliweka mwezi wa kwanza sababu ya joto, lakini kipindi kile kinaweza kuleta kitu kingine. Baridi kali za 1983, 1985 na 1989 ziliua mashamba mengi ya michungwa kandokando ya Orlando, mupaka wakulima wakahamia kusini. Kwa hiyo mwenye kujitayarisha anajiandaa kwa joto na kwa barafu pamoja. Anajiandaa pia kwa usingizi: mbio inaanza saa 11 alfajiri, giza ikingali, juu barabara zinapashwa kurudishiwa wageni, na watu wanaamuka saa 8 ao saa 9 ya usiku. Kama haukuzoesha tumbo lako kula saa ile mu miezi ya mazoezi, utajua kilometa ya 30.

Mabingwa wa Kenya na Ethiopia wanaenda Boston, London, Berlin. Disney imeshindwa mara 8 na mutu mumoja, Mubrazili Adriano Bastos, na wakimbiaji wengi hawamujue jina. Dakika 16 kila mutu anazijua. Ukizipiga hesabu ku maili 26 na kidogo zinatoa karibu masaa 7, zikihesabiwa toka mutu wa mwisho kuvuka mustari wa mwanzo. Watu wanatoka kikundi kwa kikundi, basi mwenye kuonyesha ushuhuda wa mbio aliyomaliza mbele anawekwa mu kikundi cha mbele na anapata dakika za akiba. Ile yote ni sehemu ya matayarisho. Foto na Mickey inalipwa na dakika zile.

Kisha kampuni ikaongeza uzito. Mu 2006 ikaleta Goofy: nusu marathoni siku ya posho na marathoni nzima siku ya yenga. Mu 2014 ikaja Dopey: kilometa 5, 10, nusu na nzima, siku ine zenye kufuatana, jumla karibu kilometa 78. Matayarisho ya Dopey yanapita miezi 6, na ndani yake kuko majuma ya kuigiza, ambamo unafanya mazoezi siku tatu ao ine bila kupumzika ili mwili ujue kuamuka na miguu mizito. Naona pia biashara ndani, siifichi: kila siku ingine ni chumba cha hoteli na medali ingine. Ni mbio ya wenye franga, na wengi wetu hata viza hatungeipata.

Na wa nyuma wana hatari yao. Uchunguzi uliofanywa Boston ku wakimbiaji 488 wa mwaka 2002 na kutangazwa 2005 ulionyesha kwamba 13 kwa mia walimaliza na chumvi ya damu iliyoshuka chini, na waliokunywa maji kupita kiasi na waliokawia barabarani walikuwa mu hatari zaidi. Sullivan alinyima watu maji, sisi tukaenda ku upande mwingine. Kunywa nako kunafundishwa mu safari ndefu.

Kwa hiyo kaka wa promosyo, ile ni marathoni. Mwenye kutembea kwa hesabu miezi 6 amefanya kitu ambacho watu wa 1904 hawakupewa.

Mu mwezi wa kwanza wa 2017, radi zilitangazwa na nusu marathoni ya siku ya posho tarehe 7 ikafutwa usiku wa kuamkia. Maelfu walikuwa tayari wamefika. Asubuhi, wengine wakavaa namba zao vile vile, wakatoka mu hoteli na kuzunguka njia na maegesho ya magari mupaka saa ku mukono ikaonyesha kilometa 21. Kesho yake, siku ya yenga, baridi ilikuwa imeshuka, na wenye kufanya Goofy wakarudi ku mustari kukimbia 42 zingine, baluni zikiwafuata nyuma.