Utatuzi wa hitilafu za kompyuta ya Linux

Utatuzi wa hitilafu za kompyuta ya Linux ni kazi ya kutafuta na kuondoa chanzo cha matatizo ya maunzi au ya uthabiti katika kompyuta ya mezani inayotumia mfumo wa uendeshaji wa Linux. Dalili za kawaida ni kompyuta kuganda, kujizima, kujiwasha upya yenyewe, kushindwa kuwaka, au mafaili kuharibika.

Linux ni mfumo huria ambao kiini chake, yaani kerneli, kilianzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Matoleo yake kama Debian na Ubuntu hutolewa bure. Nchini Tanzania, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu huria za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice.

Mazingira

Sehemu kama Gulwe, penye kituo cha Reli ya Kati katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma, zina kiangazi kirefu na vumbi jingi. Vumbi huziba feni na kipoza joto cha prosesa. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, lakini volti zikipanda na kushuka, au umeme ukikatika ghafla, pawasaplai na diski huweza kuharibika. Wakati wa masika kuna pia hatari ya radi. Mahali ambapo duka la vipuri liko mbali, kununua kifaa kisichohitajika ni hasara ya bei na ya nauli. Kwa hiyo uchunguzi hutangulia ununuzi.

Kanuni za msingi

* Data hunakiliwa kwanza kwenye diski nyingine. Kusakinisha mfumo upya kwa haraka hufuta data pamoja na ushahidi wa tatizo.
* Kila tukio huandikwa: saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na ujumbe uliotokea kwenye skrini.
* Kitu kimoja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja, kisha kompyuta hujaribiwa.

Jaribio la manufaa ni kuwasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kutumia diski ya ndani. Ikiendelea kuzima, kosa huelekea kuwa katika maunzi. Ikitulia kwa muda mrefu, hushukiwa diski au programu zilizosakinishwa.

Daftari la mfumo

Linux huandika matukio yake. Amri ya "dmesg" huonyesha ujumbe wa kerneli, na "journalctl -b -1 -p err" huonyesha makosa ya mara iliyopita kompyuta ilipowashwa, ikiwa daftari huhifadhiwa kwenye diski. Daftari likikatika ghafla bila taarifa yoyote ya kuzima, mara nyingi chanzo ni umeme, joto au maunzi mengine.

Vyanzo vikuu

Joto. Kompyuta inayozima inapofanya kazi nzito, au mchana kuliko asubuhi, huenda inapata joto kupita kiasi. Amri ya "sensors" kutoka lm-sensors huonyesha halijoto. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi au kujizima zikikaribia sentigredi 100. Kompyuta huchomolewa, vumbi hutolewa kwa brashi laini huku feni ikizuiwa isizunguke, na pesti iliyokauka kati ya prosesa na kipoza joto hubadilishwa.

Umeme. Pawasaplai iliyochoka huleta kuzima kusikotabirika, na mara nyingi lawama hutupiwa Linux. Njia rahisi ya kuipima ni kujaribu pawasaplai nyingine iliyo nzima. Pawasaplai yenyewe haifunguliwi na asiye fundi, kwa kuwa kapasita zake hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

RAM. Programu tofauti zikianguka bila mpangilio, RAM hushukiwa. Memtest86+ huwashwa kabla ya Linux na kuachwa ikifanya kazi, ikiwezekana usiku kucha. Kosa hata moja si la kupuuzwa. Vipande vya RAM huchomolewa, husafishwa migusano yake na kujaribiwa kimoja kimoja.

Diski. Amri ya "smartctl -a /dev/sda" husoma afya ya diski. Idadi ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri ikiongezeka, diski inakufa. Makosa ya CRC yakiongezeka, waya wa data hukaguliwa kabla ya kununua diski mpya. Amri ya "fsck" hurekebisha mfumo wa mafaili, lakini haitumiki kwenye sehemu ya diski inayotumika wakati huo, wala kwenye diski inayokufa kabla data yake haijaokolewa kwa programu kama ddrescue.

Kerneli na draiva. Tatizo likianza baada ya kusasisha mfumo, kerneli ya zamani huchaguliwa katika menyu ya GRUB. Skrini ikibaki nyeusi, chaguo la "nomodeset" huweza kusaidia.

Betri ya bodi mama. Saa ikirudi nyuma kila umeme unapokatika, betri ndogo, kwa kawaida CR2032, imekwisha. Saa isiyo sahihi hufanya tovuti salama zikatae kufunguka.

Kompyuta ikiganda

Kabla ya kuizima kwa nguvu, hushikiliwa vitufe vya Alt na SysRq (mara nyingi ndicho Print Screen), kisha hubonyezwa S, U na B kwa zamu, kwa kupumzika kidogo. S huandika data kwenye diski, U huzuia uandishi zaidi, na B huwasha kompyuta upya.

Kinga

UPS hutoa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kompyuta huwekwa juu ya meza badala ya sakafuni, husafishwa vumbi mara kwa mara wakati wa kiangazi, na huchomolewa ukutani radi inapokaribia, pamoja na waya wa mtandao. Nakala ya data huhifadhiwa mbali na kompyuta hiyo.