Filamu Irudi Ilikopigwa

Historia ya sinema katika vijiji vyetu ni historia ya gari linalofika jioni, likasema lililotumwa kusema, kisha likaondoka. Katika makala haya natetea hoja moja: filamu ya hali halisi, ambayo wengi tunaiita dokumentari, haipimwi kwa aliyeshika kamera peke yake. Hupimwa pia kwa aliyeitazama kwanza na kwa nafasi aliyopewa ya kuijibu. Hoja hiyo naielekeza Makutupora. Si ile ya Manyoni inayotajwa katika ujenzi wa reli ya SGR, bali hii ya kaskazini mwa jiji la Dodoma, yenye kambi ya JKT, kituo cha utafiti wa zabibu na visima vinavyolinywesha jiji.

Tuanze na gari lenyewe. Mwaka 1935 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Wazo lilikuwa la J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, fedha nyingi zilitoka Shirika la Carnegie la Marekani, na kazi iliendeshwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi mwaka 1937 mradi ulikuwa umetengeneza filamu 35, zikiwamo za kodi, akiba ya posta, safura, malaria ya watoto wachanga na mmomonyoko wa udongo. Picha zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Gari la sinema lilizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda, likafika hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waafrika waliigiza na walitafsiri. Lakini nini kisemwe, na kwa nini, waliamua wengine.

Baadaye London iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, mwaka 1939, na nadharia yake kuu ilikuwa kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Katika fikra hizo kikazaliwa kisa maarufu kilichosimuliwa na John Wilson. Wanakijiji fulani wa Afrika walionyeshwa filamu ya bwana afya akifundisha, polepole, namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Watengenezaji walishangaa, kwa maana wao hawakuwa na habari ya kuku yeyote. Walipoikagua filamu picha kwa picha, wakamkuta: amepita pembeni kwa muda wa sekunde hivi. Marshall McLuhan alikitumia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuonyesha kwamba kuitazama filamu ni jambo la kujifunza. Mimi nakisoma vingine. Wanakijiji walikiona kilichokuwamo kwenye picha, na aliyeipiga ndiye hakukiona. Hata hivyo, jibu lao lilihesabiwa kuwa kasoro ya mtazamaji.

Je, uhuru ulibadilisha nini? Ulibadilisha sura kwenye kitambaa cheupe. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyeigiza katika Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, filamu iliyotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini, mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mwaka 1968 likaanzishwa shirika letu wenyewe, Kampuni ya Filamu Tanzania (TFC). Filamu yake ya miaka ya 1970, Fimbo ya Mnyonge, inamfuata mkulima anayekwenda mjini kutafuta kazi na hatimaye kuupata mwanga katika kijiji cha ujamaa. Hatua hizo zilikuwa za maana, nasi hatuna sababu ya kuzibeza. Lakini mwelekeo wa maneno ulibaki uleule, kutoka juu kwenda chini. Na kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa wakazi wengi wa vijijini sinema ya serikali ndiyo iliyokuwa picha pekee inayotembea.

Hapa Ugogo jambo hilo lina uzito wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya ukame na njaa, Operesheni Dodoma iliwahamisha wakazi wa mkoa huu na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa. Miaka michache kabla, mwaka 1967, wakazi wa kisiwa cha Fogo nchini Kanada nao walikabiliwa na mpango wa serikali wa kuwahamisha. Mtengenezaji filamu Colin Low wa Bodi ya Taifa ya Filamu aliwapiga picha wakizungumzia maisha yao, kisha akawaonyesha wao kwanza, wakiwa na haki ya kukubali au kukataa. Ndipo filamu zikapelekwa kwa viongozi, na majibu ya viongozi yakarudishwa kisiwani kwa njia hiyohiyo. Wanakisiwa walijadiliana, wakaanzisha ushirika wa uvuvi, wakabaki kwao. Sisemi filamu peke yake iliwaokoa. Nasema iliwapa nafasi ya kujisikia na kusikiwa, nafasi ambayo magari ya sinema hayakuundwa kuitoa.

Tanzania haikukosa watengenezaji wenye sikio hilo. Flora M'mbugu-Schelling, katika filamu yake ya These Hands ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliwaacha wanawake wanaoponda kokoto karibu na Dar es Salaam waonekane kwa kazi yao na nyimbo zao, bila msimulizi wa kuwafafanua. Tamasha la ZIFF la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, nalo limepeleka filamu vijijini Unguja na Pemba. Kinyume chake tulikiona kwa Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, juu ya sangara wa Ziwa Victoria. Ilianza kuonyeshwa Venice mwaka 2004; mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani. Ulaya ilijadili maisha ya Mwanza kabla Mwanza yenyewe haijaulizwa.

Marekebisho ya sheria ya filamu ya mwaka 2019 yanawataka wageni wanaopiga filamu nchini waikabidhi Bodi ya Filamu picha zote ghafi pamoja na nakala ya filamu iliyokamilika. Serikali ilihakikisha inapata nakala yake. Kijiji kilichopigwa picha hakikutajiwa nakala.

Turudi Makutupora. Kina cha maji katika visima vyake kimepimwa tangu miaka ya 1950, na uchambuzi wa rekodi ya miaka 55, uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change, ulibaini kwamba hifadhi hiyo ya chini ya ardhi hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida. Maji yana kumbukumbu. Watu wanaoishi juu yake wana kumbukumbu gani? Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, jiji linakua na kiu yake inakua. Chukulia vijana wa hapa wamepiga filamu juu ya visima hivyo, wakatundika shuka jeupe kwenye uwanja wa shule, wakawasha projekta na jenereta. Mzee anasimama na kusema mto uliotajwa siyo huo. Mama anauliza kwa nini foleni ya ndoo haikuonyeshwa. Mtengenezaji hawezi kupanda gari na kuondoka, kwa sababu kesho atakutana nao sokoni. Mcheza kwao hutunzwa, lakini pia husahihishwa, na kusahihishwa huko ndiko kunakoifanya filamu iwe ushahidi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa ni dogo, na gharama yake si kubwa: kibali cha kupiga filamu ya hali halisi kiwe na sharti la kuionyesha mahali ilipopigwa, na nakala ibaki katika shule au ofisi ya kijiji. Kwa wanafunzi na wanaharakati wenye kamera, msisubiri sharti hilo. Onyesheni kazi yenu kwanza kwa waliomo ndani yake, kisha kaeni mwasikilize. Wakiwaambia wameona kuku, mtafuteni.