Shamba la Kahawa Lililogeuka Bustani ya Harusi



Chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, ipo nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1912, nayo imezungukwa na bustani pana. Watu huikodi bustani hiyo kwa harusi na karamu. Mahema hupigwa, viti hupangwa, maarusi hupigwa picha chini ya miti. Lakini ni wageni wangapi wanaojiuliza: hapa palikuwa nini?

Palikuwa shamba. Januari 1914 Karen, mwanamke kutoka Denmark, alishuka Mombasa, na huko huko akaolewa na Bror Blixen, mtu wa Sweden. Shahidi wao alikuwa mwana wa mfalme wa Sweden. Wakashika shamba la eka 6,000, na kiasi cha eka 600 zikapandwa kahawa.

Je, ardhi ile ilikuwa tupu? La! Walikuwako Wakikuyu na ng'ombe wao na viunga vyao. Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akaitwa skwota. Sheria ya mwaka 1918 ikawalazimisha watu wa namna hiyo kumfanyia kazi mwenye shamba siku 180 kwa mwaka, ndipo wapate ruhusa ya kukaa.

Alikuwako pia ndugu yetu Muislamu, Farah Aden, Msomali, msimamizi wa nyumba na mwenye kuaminiwa fedha. Alipooa, mkewe aliletwa kutoka Usomalini pamoja na mama yake. Kwa hivyo bibi arusi aliingia shambani pale zamani kabla ya mahema ya leo.

Na kahawa je? Haikustawi. Mahali pale pako juu mno, zaidi ya futi 6,000, na mvua ilikuwa ya kubahatisha. Bei ikaanguka, madeni yakarundikana. Mwaka 1925 mume na mke wakaachana. Mwaka 1931 shamba likauzwa, likakatwakatwa viwanja, na leo ni mtaa wa Karen. Maskwota wakatakiwa watoke. Bibi yule, kabla ya kurudi kwao, alihangaika katika ofisi za serikali mpaka wakapewa mahali pa kukaa pamoja, wasitawanyike. Hili tumhesabie, kwani haki husemwa hata kwa asiyekuwa wetu.

Kenya ilipopata uhuru, serikali ya Denmark iliitoa nyumba hiyo kuwa zawadi. Mwaka 1985 ikatoka filamu iliyoeneza habari zake duniani, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Ewe msomaji, zingatia. Arusi ile ya mwaka 1914 ilishuhudiwa na mwana wa mfalme, na haikudumu. Basi uzuri wa mahali haujengi nyumba. Hujengwa kwa subira na kuaminiana. Mtume (S.A.W.) alimwagiza sahaba wake afanye karamu japo kwa mbuzi mmoja. Nasi leo twakopa ili tukodi bustani!

Tena, ukialikwa penye bustani nzuri, hapa pwani au bara, uliza ni nani aliyeifyeka na ni nani aliyehamishwa. Na wewe mwenye shamba la urithi, andika mipaka yake, weka mashahidi, na kila mrithi mpe haki yake ungali hai. Ardhi ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Wallahu aalam.