Mzizi Unapoomba Msaada

Nyanza wanakiita kayongo. Kwa Kiswahili ni kiduha. Maua yake ya zambarau yanapendeza, lakini chini ya ardhi mzizi wake umeshagusa wa mahindi, ukavimba nchani, ukapenya hadi kwenye mishipa ya maji na kuanza kufyonza.

Mbegu zake, ndogo kama vumbi, hulala udongoni hata miaka kumi zikingoja kemikali fulani kutoka mizizini. Wanasayansi Marekani waliitambua mwaka 1966, wakaiita strigoli. Lakini mbona mmea umwite mwizi wake? Jibu lilitoka Japani mwaka 2005: kumbe mzizi unaita kuvu wa kuusaidia kupata fosforasi. Kiduha kinadaka tu huo wito. Na udongo ukiwa duni, mzizi huita zaidi.

Ndiyo maana sikubali mkulima aitwe mvivu eti hapalilii. Kiduha kikichomoza, kimeshakula. Mahindi ni mgeni kutoka Amerika. Kiduha ni mwenyeji, kilianza na mtama wetu. Tulipanda mahindi mwaka baada ya mwaka, shamba likachoka. Kule Mbita, watafiti wa ICIPE walipanda desmodiamu katikati ya mistari: mizizi yake huzuia kiduha kujishika, na inarutubisha udongo. Shamba lililoshiba haliombi sana.