Hanamu

Neno hanamu, ambalo maana yake ni hali ya kwenda upande badala ya kunyooka, ni la kale katika Kiswahili cha pwani, ambako mabaharia walilitumia kutaja sehemu ya mbele ya chombo inayokata maji, na washonaji wakasema kukata hanamu, yaani kukata nguo kwa mshazari. Kitambaa hufumwa kwa mtande, ambao ni nyuzi za urefu, na mshindio, ambao ni nyuzi zinazoukatiza. Ukanda unaofuata mojawapo hauvutiki sana, ilhali uliokatwa hanamu, kwa pembe ya digrii 45, huvutika na kulala vizuri kwenye mviringo.

Kwa hiyo fundi cherehani wa Kinyerezi, Dar es Salaam, anayeshonea ukingo mfarishi wa vipande vya vitenge, yaani tandiko lenye pamba kati ya tabaka mbili za nguo, huhitaji hanamu pale pembe zilipoviringwa. Ikiwa kingo zote zimenyooka, ukanda wa kawaida unatosha. Mraba wa mita 1 ukikatwa kanda za sentimita 5 hutoa takriban mita 20, kabla ya kuondoa sehemu za maungio, ambayo nayo hushonwa mshazari ili unene usirundikane mahali pamoja.

Neno fupi na sahihi kiasi hiki halistahili kuachwa kamusini. Walimu wa ushonaji katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA na walirejeshe darasani.